Freni ya mdomo wa bunduki: bega linapona, masikio yanalipa

Ukitazama mdomo wa bunduki ya askari aliyesimama kwenye bariere, mara mingi mtutu hauishi wazi tu kama bomba la maji. Kuko kichuma pale mbele. Kingine kimekatwa upande kama kalamu ya mwanzi, kingine kina matundu ubavuni, kingine kinafanana na kizimba kidogo cha ndege. Juu ya sinema, watu wengi wanasema njo silansie, kitu cha kupunguza sauti. Sivyo. Mara mingi ni kitu cha kuficha moto wa bunduki, ama cha kutuliza mtutu, ama cha kupunguza teke. Na kile cha kupunguza teke, ambacho kwa Kifaransa kinaitwa frein de bouche, kinafanya kinyume kabisa cha silansie: kinaongeza kelele kwa wote wanaosimama karibu. Hapa tutakiita freni ya mdomo.

Tunaeleza namna kifaa hiki kinavyofanya kazi, na namna wawindaji na wapiga shabaha wa nchi ambako kinauzwa dukani wanavyokichagua. Hatumfundishi mtu kutafuta bunduki. Huku kwetu, Ordonnance-loi namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 njo inapanga mambo ya silaha na masasi, na raia hana ruhusa ya kushika silaha ya vita, iwe na freni ama isiwe nayo. Lakini tunaishi karibu na bunduki. Askari, mlinzi wa pori, mwindaji mwenye permi, na hata mama anayeuza ndizi pembeni ya kambi, wote wana masikio. Ni vizuri kujua kile kichuma kinafanya nini.

Teke linatoka wapi

Mtu yeyote wa kando ya ziwa anajua jambo hili bila kulisoma kitabuni. Ukiruka kutoka kwenye mtumbwi kwenda mchangani, mtumbwi unarudi nyuma majini. Isaac Newton aliandika sheria yake mwaka 1687: kila msukumo una msukumo wa kurudi ulio sawa nao. Katika bunduki, risasi njo yule anayeruka, na bunduki njo mtumbwi. Bega lako liko nyuma ya mtumbwi.

Lakini kuko mrukaji wa pili ambaye watu wanamsahau: gazi ya baruti. Tuchukue mfano wa kweli. Kartushi ya .30-06, iliyotoka Marekani mwaka 1906 na ambayo wawindaji wanaitumia hata leo, inatupa risasi ya karibu gramu 11,7 kwa mwendo wa karibu mita 820 kwa sekunde. Baruti yake ni karibu gramu 3,6. Baruti ile haipotei inapoungua. Inageuka gazi, na gazi ile inatoka mdomoni kwa mwendo unaopita ule wa risasi yenyewe, zaidi ya mita 1.200 kwa sekunde. Ukipiga hesabu, gazi peke yake inaleta karibu sehemu moja juu ya tatu ya teke lote. Risasi inaleta zile mbili zinazobaki.

Kwenye bunduki ya kilo 3,6, teke hilo lina nguvu ya karibu juli 27. Ni sawa na kifuko cha kilo 3 za mchele kukuangukia begani kutoka karibu mita moja, lakini kwa muda mfupi sana. Mtu mzima anavumilia. Ukipanda kwenye kartushi za nyama wakubwa, mambo yanabadilika: .375 Holland & Holland, iliyotoka 1912, inafika karibu juli 50 katika bunduki ya kawaida, na .458 Winchester Magnum ya 1956, iliyofanywa kwa ajili ya tembo na nyati, inafika karibu 80. Kwa kulinganisha, bunduki ya aina ya AK inayopiga 7,62 kwa 39 haifiki juli 10. Teke la AK ni dogo. Shida yake ni nyingine, tutaifikia.

Juu ya nini watu wanajali teke? Si kwa sababu ya maumivu peke yake. Mtu aliyepigwa begani mara kumi anaanza kuogopa. Anafumba macho na kustuka mbele ya risasi kutoka, mtutu unazama kidogo, na risasi inaenda pembeni. Kwa mpiga shabaha ni pointi zilizopotea. Kwa mwindaji ni nyama aliyejeruhiwa tumboni ambaye atakimbia porini kufa polepole, ama nyati ambaye atarudi kumtafuta aliyempiga. Kwa hiyo haja ya kupunguza teke ni haja ya kweli, si uvivu.

Freni inashika gazi, haishiki risasi

Freni ya mdomo haiwezi kufanya chochote na risasi. Risasi inapita katikati, bila kugusa ukuta. Freni inafanya kazi na yule mrukaji wa pili tu. Gazi inapofika mdomoni inakuta vyumba vyenye kuta na matundu. Inagonga kuta zile, na kwa kuzigonga inavuta bunduki mbele, kisha inatoka kupitia matundu ya ubavuni. Kama matundu yameinama kidogo kuelekea nyuma, gazi inatupwa nyuma na mvuto wa mbele unazidi. Ni sawa vile ndege kubwa inapotua: injini zinageuza upepo wao mbele ili ndege isimame.

Fikra si ya leo. Afisa Mfaransa Treuille de Beaulieu alikuwa ameshaijaribu kwenye mizinga katika karne ya 19, kwa kutoboa matundu yaliyoinama karibu na mdomo wa mzinga. Leo ukitazama picha ya mzinga wa D-30 wa milimita 122, uliofanywa na Wasovieti, utaona mbele kichwa kikubwa chenye mapengo. Ile ni freni ya mdomo. Bila hiyo, mzinga ungehitaji msingi mzito zaidi.

Kwenye bunduki ya kuwinda ya .30-06, freni nzuri inaweza kupunguza teke kwa karibu asilimia 30 hadi 50. Ni nyingi. Inageuza .30-06 kuwa bunduki ambayo hata kijana mwembamba anaweza kuipiga bila woga. Lakini kutokana na hesabu ya gazi, kuko kanuni moja ambayo wauzaji hawaisemi kwa sauti: freni inasaidia sana pale baruti ni nyingi na risasi ni nyepesi, na inasaidia kidogo pale baruti ni kidogo na risasi ni nzito.

Kartushi ya .300 Winchester Magnum, ya mwaka 1963, inachoma karibu gramu 4,7 za baruti nyuma ya risasi ileile ya gramu 11,7. Hapo freni inapata kazi. Katika .458, risasi ina zaidi ya gramu 32 na inaenda polepole, na gazi inaleta karibu sehemu moja juu ya tano tu ya teke. Kumbe bunduki inayopiga teke kuliko zote njo ile ambayo freni inaisaidia kwa kadiri ndogo. Bado inasaidia, lakini usitegemee muujiza.

Na fusil ya calibre 12, ile wengi wanaijua huku? Inatupa gramu 32 ama 36 za plomb kwa mwendo wa karibu mita 400 kwa sekunde, kwa baruti ya karibu gramu 2. Gazi yake ikifika mdomoni imeshachoka. Kuweka matundu pale mbele kunaleta kelele zaidi na faida ndogo sana. Mwenye calibre 12 inayomchubua bega atapata nafuu kubwa kwa kipande cha mpira mzuri kwenye kitako na kwa kartushi zenye plomb pungufu. Pesa ya freni aibakize mfukoni.

Ile ya AK ni kitu kingine

Turudi kwenye bunduki ya bariere. Mwaka 1959 Wasovieti waliingiza jeshini AKM, na kisha muda wakaiwekea mdomoni kile kichuma kilichokatwa kwa kuinama. Mdomo wake unaonekana kama mwanzi uliokatwa kwa panga mara moja. Si freni hasa. Teke halipungui sana. Kazi yake ni kutupa gazi juu na upande wa kulia, ili mtutu usukumwe chini na kushoto, kwa maana AK ikipigwa mfululizo mtutu wake unapanda na kwenda kulia kwa mtu anayetumia mkono wa kuume. Nyingi za Kichina, zile za Type 56, hazina kichuma hiki. Mdomo wao uko wazi.

Freni kubwa ya kweli ilikuja na AK-74, ya mwaka 1974, inayopiga risasi ndogo ya milimita 5,45. Ina kichwa kirefu chenye chumba na matundu mawili makubwa ubavuni. Teke lake ni dogo mno, na wanaosimama kando yake wanajuta. Upepo unawapiga usoni.

Ya Wamarekani, M16 na ndugu zake, mara mingi ina kile kizimba chenye mianya. Kile ni cha kuficha moto, si cha kupunguza teke. Kinachanganya gazi na hewa haraka ili mwako usiangaze sana usiku na usimpofushe aliyepiga. Na silansie ni kitu cha tatu, bomba nene na refu linaloshika gazi ndani na kuiachilia polepole, kama silansie ya pikipiki. Wakati mwingine kichuma kimoja kinachanganya kazi mbili. Kwa hiyo usihukumu kwa macho peke yake.

Kuko pia ile bunduki kubwa ya Barrett, iliyoanzia Tennessee mwaka 1982, inayopiga milimita 12,7. Mbele ina freni kama kichwa cha mshale, na gazi inarudi nyuma na pembeni. Bila freni ile na uzito wake wa karibu kilo 14, hakuna bega lingekubali kuipiga mara ya pili. Hapo freni ni ya lazima. Mengine yote ni suala la kuchagua.

Kelele inaenda wapi

Hapa njo kiini cha jambo. Bila freni, gazi na kelele yake vinaenda mbele, mbali na mpigaji. Ukiweka freni, unavigeuza vielekee pembeni na nyuma. Nguvu uliyoiondoa begani haikupotea: umeituma kwenye hewa, na hewa ile inafika kwenye masikio yako na ya yule aliye mkono wa kuume na wa kushoto.

Kelele inapimwa kwa desibeli. Watu wawili wakizungumza kwa utulivu ni karibu 60. Kwa mlio wa ghafla, OMS inaweka mpaka wa desibeli 140 kwa mtu mzima na 120 kwa mtoto. Bunduki ya kuwinda bila freni iko tayari kati ya 155 na 165 kwenye sikio la mpigaji. Freni inaongeza mara mingi kati ya desibeli 5 na 10. Inaonekana ni kidogo, lakini desibeli hazihesabiwi kama francs. Kila desibeli 6 zinazoongezeka, mgandamizo wa hewa unaopiga ngoma ya sikio umekuwa mara mbili.

Ndani ya sikio kuko nywele ndogo sana zinazogeuza mtikisiko kuwa habari ya ubongo. Zikivunjika hazioti tena. Hakuna dawa, hakuna upasuaji wa kuzirudisha. Mtu anaanza kupoteza sauti za juu: ndege, mtoto mdogo, herufi kama s na f. Anasikia watu wanasema lakini hashiki maneno. Kisha kunakuja mlio unaovuma usiku kucha ndani ya kichwa. Risasi moja bila kinga inatosha kuanzisha hayo, hasa katika nyumba ama chini ya bati ambako kelele inarudi kutoka ukutani.

Kizibo cha sikio cha povu, kikiwekwa vizuri mpaka ndani, kinapunguza karibu desibeli 25 hadi 30. Kofia za masikio karibu vilevile. Ukivaa vyote viwili huongezi 30 na 30. Unapata kitu kama 33 ama 35 jumla, kwa sababu sauti inapita pia kwenye mifupa ya kichwa. Piga hesabu: 170 ukitoa 35 ni 135. Uko chini ya mpaka, kwa shida. Ukivaa kimoja tu unabaki juu yake. Pamba? Pamba ni sawa na kuziba mlango kwa pazia.

Katika Afrika ya Kusini na Namibia, ambako wageni wanakuja na bunduki zao kuwinda, waongozaji wengi hawapendi kabisa freni ya mdomo, na kuko wanaomwambia mgeni aifungue mbele ya kuingia porini. Si ubishi. Mwongozaji anasimama kando ya mteja, mtafuta-nyayo anasimama mbele kidogo upande mwingine, na hawawezi kuziba masikio kwa sababu wanasikiliza nyama. Mteja anapiga risasi tano kwa mwaka. Wao wanapigwa na kelele za wateja wote, miaka ishirini. Mtafuta-nyayo asiyesikia tawi likivunjika amepoteza kazi, ama anapoteza maisha. Kwa maoni yangu hoja hii peke yake ina uzito kuliko zote zilizoandikwa kwenye kartoni za freni.

Hata wafanyabiashara waliliona. Browning na Winchester waliuza kifaa kinachoitwa BOSS, freni pamoja na uzito wa kusogeza ili kurekebisha mtikisiko wa mtutu. Wanunuzi walipenda ule uzito na wakalalamikia kelele. Kisha ikatoka BOSS-CR, ileile bila matundu.

Wanaochagua wanatazama nini

Swali la kwanza la mtu mwenye akili si freni gani. Ni kama anaihitaji. Bunduki nzito inapiga teke pungufu. Mpira mzuri kwenye kitako hauondoi nguvu, lakini unaitandaza katika muda mrefu kidogo na sehemu kubwa ya bega. Kitako kirefu ama kifupi mno kwa mwenye kukishika kinaumiza kuliko baruti. Na mtu anayewinda swala hana haja ya kartushi ya nyati. Hayo yote hayaongezi hata desibeli moja.

Kama bado anaitaka, atazame nani anasimama karibu naye. Anayepiga peke yake kwenye uwanja wa shabaha, masikio yamezibwa mara mbili, anaweza kuchukua freni kali kuliko zote, yenye matundu makubwa mawili ama matatu kila upande yaliyoinama nyuma. Hizo njo zinapunguza teke kabisa na njo zinapiga jirani kabisa. Kwenye uwanja wenye mistari ya wapigaji, jirani ana haki ya kukasirika. Anayewinda na watu wengine anafanya vizuri kuchukua ile inayofunguliwa kwa mkono: aitumie siku za mazoezi, anapopiga risasi thelathini, kisha aifungue siku ya kuwinda anapopiga moja ama mbili. Porini, moyo ukipiga mbio, hakuna anayelisikia teke.

Lakini freni ikifunguliwa mtutu unabadilisha mtikisiko wake, na risasi inaweza kuangukia mahali pengine kwenye shabaha. Kwa hiyo ni lazima kupima tena bunduki bila freni, kwa kartushi zilezile, mbele ya kuondoka. Wanaosahau jambo hili ni wengi.

Kuko freni zenye matundu ya kuzunguka mwili wote, kama chujio la chai. Ni nzuri kwa macho na zinafaa, lakini matundu ya chini yanapiga ardhi. Mtu akilala chini kwenye udongo mkavu, vumbi linainuka na kumfunika, haoni risasi ilienda wapi. Matundu ya ubavuni na ya juu ni bora kwa anayelala. Ya juu yanasaidia pia mtutu usipande, kama ile ya AKM.

Hesi, yaani ile mistari ya kukazia kama ya mdomo wa chupa, lazima ilingane. Bunduki za Marekani zinatumia hesi za inchi, mara mingi nusu inchi kwa kartushi ndogo na inchi 5 juu ya 8 kwa kubwa. Za Ulaya zinatumia milimita 14, 15 ama 18. Za ukoo wa AKM ni milimita 14, lakini zinakazwa kwa kuzungusha kushoto. Kulazimisha moja juu ya nyingine kunaharibu vyote viwili. Tundu la kupitia risasi linazidi risasi kwa karibu nusu milimita tu. Likiwa kubwa mno gazi inakimbilia mbele na freni inakuwa pambo. Likiwa limepinda kidogo, risasi inagusa ukuta.

Hapa nisisitize. Freni iliyochongwa na fundi asiye na mashine ya kunyoosha sawasawa na katikati ya mtutu ni hatari. Risasi ikigusa, siku nzuri shabaha inapotea. Siku mbaya freni inapasuka na vipande vinaruka pembeni, palepale ambapo mwenzako amesimama. Ule nusu milimita hauonekani kwa macho, na chuma cha mabaki ya gari hakikufanywa kwa gazi ya moto namna ile.

Bei huko Marekani inaenda kutoka karibu dola 50 mpaka kupita 200, bila kuhesabu kazi ya kuchonga hesi kama bunduki haina. Freni inaongeza karibu sentimita 5 hadi 8 za urefu na gramu kati ya 60 na 150 mbele. Katika msitu mnene urefu huo unasikika.

Sheria nazo zinatofautiana. Katika jimbo la New York, tangu sheria ya 2013, freni ya mdomo inahesabiwa kati ya alama zinazofanya bunduki fulani zinazojipakia zenyewe kukatazwa. Huko California ni kificha-moto njo kinahesabiwa hivyo, na freni inakubaliwa. Kuna mashindano yasiyoikubali, kama F-Class, ambako wapigaji wanalala karibu karibu kwenye mstari mmoja. Finland na Norway wawindaji wengi wamechukua njia nyingine, silansie. Inapunguza teke kiasi cha kutosha, na mlio unashuka kwa karibu desibeli 25 hadi 30. Hauzimiki kama kwenye sinema, kwa sababu risasi inayopita mwendo wa sauti, karibu mita 340 kwa sekunde, inapiga mlio wake yenyewe hewani. Lakini mbwa wa kuwinda na jirani wanashukuru.

Ukisimama karibu na inayopigwa

Wengi wetu hatutanunua freni hata siku moja, lakini tunaweza kujikuta karibu nayo: wakati wa mazishi ya askari, karibu na uwanja wa mazoezi, ama siku mbaya. Mahali pabaya kuliko pote kwa masikio, ukiacha mbele ya mtutu ambako ni kifo, ni ubavuni mwa mdomo wa bunduki yenye freni. Kurudi nyuma ya mpigaji hatua kumi kunapunguza mengi, kwa sababu kila unapozidisha umbali mara mbili mlio unapungua karibu desibeli 6. Kidole kilichokazwa ndani ya sikio kinafanya kazi karibu kama kizibo kizuri. Mtoto azibwe wa kwanza, masikio yake hayavumilii kama yako.

Mlio ukivuma masikioni baada ya risasi, mara mingi unatulia ndani ya masaa machache ama usiku mmoja. Ukipita siku moja, ama sikio moja likiwa zito kuliko lingine, ama damu ikitoka, uende ku munganga siku ileile ya pili, usingoje wiki. Kuko dawa ambazo zinaweza kusaidia zikianza mapema, siku za kwanza. Na usitie mafuta, usitie majani, usitie maji ya moto ndani: kama ngoma ya sikio imetoboka, vitu hivyo vinaingia palepale ambapo hapatakiwi kuingia kitu.